Makapi ya juisi kilo sita kila siku: nani anayapika, na anayapikaje?

Mama Sharubati wa Umoja

Habari za jioni, wapishi. Nina swali, na ningeomba anijibu mtu aliyeshika mwiko mwenyewe, maana ushauri wa kusikia nimeshapata wa kutosha.

Nauza juisi Umoja, hapa Nairobi, si mbali na soko la Mutindwa. Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshafika Marikiti kuchagua karoti, bitiruti, tufaha, nanasi na tangawizi, na kufikia saa mbili mashine inanguruma kibandani. Si blenda. Ni ile mashine ya kukwaruza na kuzungusha kwa kasi, juisi inatokea mbele, makapi yanarushwa nyuma kwenye ndoo. Siku ya kawaida nakamua kilo kumi za karoti, tatu za bitiruti, pamoja na tufaha na tangawizi za kukoleza. Karoti kilo kumi hunipa lita tano na kidogo. Makapi yake nimeyapima mara nyingi, ni kilo nne na zaidi. Ukijumlisha na hayo mengine, nafunga kibanda nikiwa na kilo sita.

Miaka miwili nimekuwa nikiyatia kwenye gunia, na vijana wa taka wanabeba Jumanne na Ijumaa. Mwezi jana mmoja wao akaniambia gunia langu ndilo zito kuliko yote katika mtaa wetu, itabidi niongeze pesa. Nikaliinua mwenyewe nikaona hasemi uongo. Nikalifungua. Juu makapi yalikuwa na rangi yake ile ile ya karoti, lakini nilipotia mkono katikati nikakuta joto, kama unga uliotiwa hamira ukaachwa juani, na harufu imeanza kuwa ya busaa. Nilisimama pale kwa muda. Karoti zile nilizichagua moja moja kwa tochi ya simu, nikabishania bei, nikalipia mkokoteni na matatu, nikaziosha kwa maji ya kununua ya mtungi. Halafu karibu nusu ya kazi hiyo yote naipeleka jalalani Dandora. Tangu siku hiyo nafsi yangu haijakubali.

Kwa hiyo nimejaribu, na nitawaambia ilivyokuwa ili msinirudishe nilikotoka.

Chapati: vikombe viwili vya makapi ya karoti kwa vikombe vinne vya unga. Mwanzoni unga ulikuwa mkavu, nikaongeza maji, nikaongeza tena. Baada ya nusu saa ukawa umelegea hadi unanata kwenye kibao. Nilipozisukuma zikachanika, na kwenye kaango zile nyuzi zilizotokeza juu zikaungua kabla chapati haijaiva. Madoa meusi, machungu.

Mandazi: yalikunywa mafuta. Ukiyabonyeza, mafuta yanachuruzika vidoleni.

Uji wa wimbi: nilichota kwenye ndoo kama ilivyo, karoti, bitiruti na tangawizi pamoja. Mwanangu wa gredi ya pili alionja kijiko kimoja akasema unawasha. Na kweli uliwasha.

Nataka kujua nitengeneze vipi chapati isichanike, na makapi yanakaa muda gani salama kama kibandani sina friji (nyumbani ninayo, ndogo). Pia tangawizi na nanasi, hayo nayafanyia nini? Najua kuku watakula, na nguruwe pia. Lakini hiki ni chakula cha watu, nataka kwanza watu wale.

Binti wa Kibokoni, sasa South B

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Wewe unaita makapi, sisi tuliolelewa na nazi tungesema una machicha. Ukishakuna nazi na kukamua tui la kwanza na la pili, kinachobaki kwenye kifumbu ni machicha, meupe, makavu, hayana tena ladha ya kujisifia. Bibi yangu hakuyamwaga hata siku moja. Aliyatandaza kwenye ungo juani, ya siku nyingi yakawa ya kuku, ya siku hiyo akayatia kwenye kashata pamoja na nazi nzima. Nakwambia haya kwa sababu yale ya karoti yana tabia hiyo hiyo: maji yameondoka, na sukari nyingi imeondoka na maji, lakini nyuzi zimebaki na sehemu kubwa ya rangi imebaki. Basi usiyapike kama karoti. Karoti inakuletea maji na utamu sufuriani. Makapi yanakuja na kiu.

Kwa hiyo yape mafuta kwanza. Rangi ya karoti haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana ukikaanga karoti samli inageuka dhahabu. Na rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo mafuta kidogo hapo yana kazi yake.

Mimi hufanya katlesi. Viazi nusu kilo, chemsha, ponda vikiwa moto. Kaango jingine, mafuta vijiko viwili, kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo, thomu, bizari ya pilau nusu kijiko, pilipili mbichi. Vikishalainika tia makapi vikombe viwili na chumvi. Hapa usiwe na haraka. Koroga moto mdogo dakika nane hadi kumi, mpaka usikie yameacha kuchuruza na yameanza kuteleza kwenye kaango bila kushika. Changanya na viazi, dania nyingi, ndimu. Finyanga, chovya kwenye yai, kaanga. Hazipasuki, kwa sababu makapi yanashika viazi.

Kama una maziwa, nenda kwenye halua ya karoti. Hapo makapi yanaishinda karoti nzima, naapa. Karoti nzima ikikunwa inatoa maji yake na unakaa jikoni saa nzima ukisubiri yakauke. Makapi vikombe vitatu, maziwa lita moja, moto wa wastani, koroga hadi maziwa yanyweke yote, ndipo utie sukari kikombe kimoja, samli na iliki. Sukari ikitangulia, chini itashika.

Mpishi wa Zamu, Eneo la Viwanda

Mama, mimi hupikia wafanyakazi mia mbili na zaidi kwa mlo mmoja, kwa hiyo nitaanza na lile joto ulilolikuta kwenye gunia, kwa sababu lina maana kuliko mapishi yote.

Karoti nzima ina ngozi. Makapi hayana. Umeikwaruza ikawa vipande vidogo sana, kila kipande kina unyevu na kimeguswa na hewa, na ndoo imekaa karibu na mota yenye moto. Vijidudu havihitaji zaidi ya hapo. Sheria yangu jikoni ni saa mbili: makapi yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili siyapiki, na mchana wa joto kali wa Februari napunguza iwe saa moja. Usisubiri jioni. Toa ndoo kila baada ya awamu ya kukamua, tandaza makapi kwenye chombo kipana chenye kifuniko, weka ndani ya sanduku lenye barafu. Ukifika nyumbani yatie kwenye friji na uyapike siku hiyo au kesho yake. Ukiyagandisha yanaendelea vizuri miezi miwili mitatu, ila yagawe kwenye vikopo vya kikombe kimoja kimoja. Bonge la kilo nne lililoganda halikatiki, na likiyeyuka limeyeyuka lote. Yakishanuka pombe usijaribu kuyaokoa kwa viungo.

Chapati. Shida yako ni nyuzi ndefu, na pia ulikanda kabla makapi hayajamaliza kunywa na kutoa maji. Unajua chapati za malenge? Malenge yanapondwa yakawa rojo kabla hayajakutana na unga. Fanya vivyo hivyo. Kikombe kimoja cha makapi, si viwili, kwa vikombe vinne vya unga. Tia makapi kwenye blenda na maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo, saga mpaka usione uzi. Acha yatulie dakika kumi. Kisha kandia unga kwa rojo hilo, kidogo kidogo, mafuta vijiko vitatu, chumvi. Funika dakika arobaini. Usiongeze maji kwa kuona ukavu wa dakika tano za kwanza, hapo ndipo ulipokosea.

Mandazi hunywa mafuta kwa sababu mbili, unga ukiwa majimaji au mafuta yakiwa hayajapata moto, na nadhani wewe ulikuwa na zote mbili.

Bitiruti ina ukaidi wake. Rangi yake haipendi moto mrefu wala beking pauda, inageuka hudhurungi. Kama unataka wekundu ubaki, tia ndimu au tumia maziwa lala kukandia. Na waambie wateja kabla hawajala kwamba mkojo na choo vinaweza kuwa vyekundu kesho yake, maana nimewahi kuona mtu mzima akikimbilia zahanati kwa hofu.

Jambo la mwisho. Kama makapi ya tufaha yataliwa, toa kiini na mbegu kabla ya kukamua. Mbegu za tufaha zikisagwa hutoa sianidi. Chache hazimdhuru mtu, lakini wewe unasaga nyingi kila siku na kulisha watu wengi, usiifanye mazoea.

Kijana wa Pipeline

Mimi si mpishi, ila nimeguswa na hili. Makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yako hapa hapa Gigiri, na ripoti yao ya mwaka 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 ikitoka majumbani. Si mahoteli, ni jikoni kwetu. Na chakula kikizikwa chini ya taka nyingine kinaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani.

Swali langu kwa Mama ni moja. Ukianza kuuza hizo katlesi, utawaambia watu zimetokana na nini? Naogopa mtu akijua atasema umemuuzia taka.

Mama Sharubati wa Umoja

Nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni sana, kila mmoja wenu nimemwandika kwenye daftari.

Jambo la kwanza nililobadilisha si la jikoni, ni la mashine. Sasa nakamua kwa zamu na nabadilisha ndoo. Tufaha zinatangulia, zimetolewa viini, zinafuata karoti, kisha tangawizi, na bitiruti inakuja mwisho kwa sababu inatia rangi kila kitu kinachoifuata. Mteja akitaka mchanganyiko nachanganya juisi, sichanganyi matunda ndani ya mashine. Nilidhani itanichelewesha, na siku mbili za kwanza kweli foleni ilinishinda. Siku ya tatu mikono ilikuwa imezoea. Sanduku la barafu nimeazima kwa jirani anayeuza samaki, nikalisugua kwa sabuni na maji moto mara tatu hadi harufu ikaisha.

Mpishi wa Zamu, chapati zako nimezipika Jumamosi. Nilikaa nikilitazama rojo kwenye blenda, lilikuwa kama tui zito lenye rangi ya machungwa, na nilipolipitisha kati ya vidole sikusikia uzi hata mmoja. Unga ulikuwa mkavu dakika tano za kwanza, nikauacha kama ulivyosema. Baada ya dakika arobaini nilibonyeza donge kwa kidole, shimo likarudi polepole. Nikasukuma, nikapaka mafuta, nikakunja, nikasukuma tena. Haikuchanika. Ilipogeuzwa mara ya kwanza kwenye kaango ikafura katikati, madoa ya kahawia ya kawaida, na pembeni ukiinua kwenye mwanga unaiona manjano kama chapati ya mayai. Tulikula na ndengu. Mwanangu alikula mbili akauliza kama kesho zipo. Sikumwambia chochote kuhusu uji.

Halua bado, nangoja mwisho wa mwezi nipate samli.

Tufaha nimegundua mwenyewe: nusu kikombe kwenye uji wa wimbi, dakika tano za mwisho, napunguza sukari nusu. Tangawizi naigandisha kwenye vipande vya ukubwa wa kijiko, na chai ya asubuhi ya kibandani inachemshwa nayo. Makapi ya tangawizi bado yana makali, inabidi tu yachemke dakika kumi badala ya tatu.

Kijana wa Pipeline, umeniuliza jambo ambalo lilininyima usingizi. Nimeandika kwa chaki kwenye ubao: *Katlesi za viazi na makapi ya karoti tunayokamua hapa, sh. 20.* Siku ya kwanza mama mmoja muuguzi anayetoka zamu ya usiku alisoma, akaniuliza makapi ni nini. Nikamwonyesha chombo, nikamwonyesha barafu, nikamwambia yametoka saa ngapi. Akanunua moja, akala akiwa amesimama, akarudi akachukua nne za nyumbani. Wapo walioguna na kuondoka, na hiyo ni haki yao. Lakini anayekula kwangu ajue anakula nini. Kama ningeona haya kuandika, nisingepaswa kuuza.

Ila bado nina tatizo. Napika na kuuza kilo tatu, labda nne siku njema. Bitiruti hasa inabaki. Na nanasi hakuna aliyenijibu.

Mzee wa Ruai

Binti yangu, nanasi nakujibu mimi.

Maganda yake yasugue vizuri kwa brashi kabla hujamenya, kisha yachemshe pamoja na makapi, kipande cha tangawizi yako na karafuu nne tano, nusu saa. Chuja, tia sukari kidogo, poza. Ni kinywaji kamili, watoto wa hapa hukigombea. Na makapi mabichi ya nanasi yana kimeng'enya kinacholainisha nyama. Nyama ngumu ya ng'ombe, ile ya mifupa, ipake kijiko kikubwa kimoja kwa kilo, iache nusu saa, ioshe, ipike. Usiilaze nayo usiku kucha, utaamka umekuta uji wa nyama. Na ukishayachemsha makapi nguvu hiyo inakufa, kwa hiyo kazi ya nyama hutangulia kazi ya chai.

Bitiruti iliyobaki, na hayo mengine usiyoyawahi, yasirudi kwenye gunia la taka zote. Tangu ile Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, taka zinazooza zinatakiwa zitengwe na zisizooza, ingawa mtaani kwenu sijui nani anafuata. Tafuta ndoo yake peke yake. Mimi nina sungura na kipande cha shamba. Sungura nawapa kiganja kimoja cha makapi ya karoti, mabichi ya siku hiyo, juu ya majani yao. Ukizidisha tumbo linawaendesha, na yaliyochacha usiwape kabisa. Yanayobaki naweka mbolea. Usiyamwage peke yake, yatashikana yawe tope linalonuka. Safu ya makapi, safu mbili za majani makavu au maranda ya seremala, geuza kila wiki. Ukiona mvuke asubuhi ujue inafanya kazi.

Na kama kuna kikundi karibu nawe kinachofuga nzi askari mweusi, hao watachukua ndoo nzima kila siku. Funza wao hula mabaki ya matunda kwa kasi ya ajabu na hukaushwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wamefanya kazi hiyo kwa miaka, na wakulima wengi wameshajifunza.

Mama Sharubati wa Umoja

Asante, Mzee. Nanasi nimechemsha leo mchana na karafuu nne. Nimeuza vikombe kumi na moja na sikuwa hata nimeandika ubaoni, ni harufu iliyowaita. Na kijana mmoja wa taka, yule yule aliyeniambia habari ya gunia, ana shangazi yake Kayole anayefuga kuku na anajaribu hao nzi. Ameanza kuchukua ndoo ya bitiruti kila jioni, hanilipi na simlipi. Gunia la Ijumaa nililibeba kwa mkono mmoja.

Samli nimepata robo kilo. Binti wa Kibokoni, ile iliki ya halua naitwanga na maganda yake au naitoa?

Binti wa Kibokoni, sasa South B

Itoe, dada, maganda yatakukwama menoni. Mbegu zitwange na kijiko cha sukari zitasagika laini. Maganda tia kwenye birika la chai.